Mgeni Naye Awe Mwalimu



Safari yetu katika makanisa ya Nanjing, China, ilikuwa ya kubadilishana lugha. Wakristo kule husalimiana "ping'an", maana yake amani. Kichina kinabeba maana ndani ya sauti: "tang" ikisemwa kwa sauti ya juu iliyonyooka ni supu, sauti ikipanda, ni sukari. Mgeni akikosea, hata mtoto anamsahihisha. Kisha zamu inageuka: mtoto anauliza Kiswahili, mgeni anafundisha. Saa moja yako, saa moja yangu.

Hilo si jambo dogo kwao. Biblia wanayosoma wengi, ile ya 1919, ilitafsiriwa na wamisionari wa kigeni pamoja na wasaidizi Wachina. Waliosifiwa zaidi ni wageni. Leo kule hakuna anayekubali kuwa msaidizi tu katika lugha yake mwenyewe.

Nasema hivi juu ya watoto wetu waliorudi kutoka Uganda na Zambia, walikosoma kwa Kiingereza. Hapa Kifaransa kinawafunga mdomo, wanarudishwa madarasa ya chini, wengine wanaacha shule. Lakini si wajinga wale!

Ombi langu: masomo tunayopanga yasiwe ya upande mmoja. Saa moja wafundishwe Kifaransa, saa moja wawafundishe Kiingereza wenzao waliobaki. Wanachama, leteni watoto wa pande zote mbili. Wafadhili, tusaidieni ubao na madaftari. Walimu tunao tayari.