Bajeti Haingoji Juni



Kila Juni wataalamu wa uchumi hujaa redioni na kwenye runinga wakijadili bajeti. Mkazi wa Borabu au Tabaka huwasikiliza, kisha huenda kudai barabara ya kituo cha kuuzia chai itengenezwe. Mara nyingi huwa amechelewa.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 iliziwekea kaunti zote 47 kalenda moja. Kufikia 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha unaofuata huwasilishwa katika bunge la kaunti. Kufikia 28 Februari huja waraka wa mkakati wa fedha, ambao huwekea kila idara kikomo: afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai.

Vikomo vikishapitishwa, anayetaka barabara mpya hana budi kutaja ni ipi iachwe. Hapo ndipo majirani hugombana.

Katiba, Kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika masuala ya fedha. Basi mkutano wa wadi ukitangazwa, fikeni na ombi lililoandikwa: jina la barabara, wanaoitumia, na hasara wanayopata. Bakini na nakala.

Mtaalamu anajua hesabu. Mkulima anajua mahali lori la majani chai hukwama mvua ikinyesha. Bajeti inawahitaji wote wawili.