Kombo: Chumvi Inayodondoka Kutoka Kwenye Majivu

(Muziki unashuka.)

Leo mazungumzo yetu ni kombo.

Kama umewahi kupita soko la Konyo Konyo mjini Juba, unakumbuka upande wa mboga: mafungu ya kudra, bamia mbichi na bamia kavu, karanga zilizosagwa. Hapo hapo ungemkuta mama amepanga chupa za maji ya rangi ya kahawia. Mgeni angedhani ni chai iliyopoa. Ni chumvi ya majivu. Chumvi nyeupe ya pakiti iliuzwa hatua chache mbele, nayo imepanda lori kutoka Uganda, ikapita Nimule na kusafiri kilomita 192 hadi Juba. Kombo haikungoja lori. Ilitaka mimea inayofaa, moto, na mtu anayejua.

Kwa wewe uliyezaliwa kambini, inatengenezwa hivi. Unakausha mabua ya simsim, maganda ya maharage au nyasi fulani, unachoma mpaka yawe majivu meupe. Unachukua chungu au kopo lenye matundu madogo chini, unatandika nyasi safi, unajaza majivu na kuyashindilia kidogo. Kisha unamwaga maji polepole. Polepole kweli, siyo kama unaosha gari. Matone ya kwanza ndiyo makali. Yanayofuata yanazidi kuwa mepesi. Mpishi anagusa tone kwa ncha ya ulimi, anajua lini aache. Wengine huchemsha maji hayo mpaka yakauke, libaki bonge la kijivu la kuweka akiba.

Ukimimina kidogo kwenye kudra, majani yanalainika na kubaki ya kijani. Ukitia kwenye maharage, yanaiva mapema. Hapa ndipo jambo hili linatugusa. Kuni tunazijua bei yake, na tunajua hatari anayoipata dada anayekwenda kuzitafuta mbali. Sufuria ya maharage inayotoka motoni mapema ni kuni zilizobaki za kesho.

Wala si ya watu wa Juba peke yao. Waacholi na Walango wanaiita kado atwona. Waluhya wa Kenya wana mushereka. Kumbe yule jirani unayesukumana naye bombani, mmelelewa kwa mboga ya aina moja.

Sasa linganisha na Kibiro, kijiji cha Uganda kando ya Ziwa Albert. Huko wanawake wanapata chumvi kwenye udongo karibu na chemchemi za maji moto: wanauchuja kwa maji, kisha wanachemsha. Wamefanya hivyo kwa mamia ya miaka, na mashamba yao ya chumvi yanarithiwa ndani ya familia. Mwaka 1997 Uganda ilikiweka Kibiro kwenye orodha ya awali ya UNESCO. Wao wana mahali pa kuonyesha mgeni. Sisi hatuna chemchemi wala shamba. Kombo yetu imo kichwani na mikononi mwa habuba, na habuba amekimbia zaidi ya mara moja.

Nimewasikia vijana wakisema hicho ni chakula cha umaskini. Mimi sikubali. Lakini pia sitawadanganya kwamba kombo inatosha badala ya chumvi ya mgao. Chumvi ya mgao imetiwa madini ya joto, yanayozuia tezi la shingo na kulinda ubongo wa mtoto tumboni. Kombo sehemu kubwa ni potasiamu, haina kinga hiyo. Kwa hiyo tumia kombo kulainisha mboga, na chumvi ya pakiti iendelee kuwa chumvi yako. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kliniki kabla ya kuila, maana potasiamu nyingi inaweza kumdhuru moyo.

Jingine ni majivu yenyewe. Wengi wetu tunawasha jiko kwa plastiki. Majivu hayo usiyachuje hata kidogo, wala ya mbao zenye rangi. Na usiihifadhi kombo kwenye sufuria ya alumini, inaila. Chungu au chupa ni salama zaidi, mbali na mtoto, kwa sababu kombo kali inachoma koo.

Watu wakisikia neno kuhifadhi, wanawaza semina yenye soda na vyeti. Hapa inahitajika jioni moja tu. Kaa na habuba yako, au habuba wa jirani kama wako hayupo. Mwache achuje yeye kwanza, halafu chuja wewe huku akikugombeza. Rekodi kwa simu, lakini usiishie kurekodi: ukali wa tone hauonekani kwenye video.

Muulize hasa mimea. Kambini tuna mingine, na ile ya nyumbani majina yake yanapotea kabla ya ufundi wenyewe. Uliza kwa Kibari, Kikuku, Kimadi, kwa lugha yoyote anayoijua. Uliza pia upi alijaribu hapa ukakataa.

Leta majina hayo studio kabla ya kipindi kijacho. Tutayasoma hewani, kila jina kwa lugha yake, na kama umeleta na chupa, tutaonja.