Mguu wa Mashine ya Boti: Nasaha kwa Manahodha wa Palma na Kingo za Ruvuma



Leo hatukuja kuuliza vibali. Tumekuja kuzungumzia kipimo kimoja kinachoweza kuamua kama abiria watafika. Anunuapo mashine ya boti, mtu huuliza bei na nguvu za farasi. Ni wachache waulizao urefu wa mguu wake.

Miguu ya kawaida ni mitatu: inchi 15, 20 na 25, yaani takriban sentimita 38, 51 na 64. Pimeni ubao wa tezi, kutoka ukingo wa juu pale mashine inapobanwa, wima hadi chini ya boti. Huo ndio mguu mnaoutafuta. Mashine ikishafungwa, bamba pana lililo juu ya rafadha liwe sawa na chini ya boti, au lishuke kidogo tu.

Pantoni, yaani jukwaa lililo juu ya maboya, yataka uangalifu zaidi. Mashine yake huning'inia juu ya maji, baina ya maboya, hivyo kwa kawaida huhitaji mguu wa inchi 20 au zaidi. Ukifungwa hapo mguu wa inchi 15, rafadha huvuta hewa: mashine hunguruma, chombo hakisogei. Abiria wakikimbilia omo ili washuke, tezi huinuka na hatari huzidi. Nao mguu mrefu kupita kiasi hukwama mchangani, au hugonga matumbawe maji yakipwa.

Katika mlango wa Ruvuma, mkondo wa mto hukutana na maji ya bahari. Chombo kisicho na msukumo hapo huchukuliwa popote, nacho hakitambui mpaka. Usiku, waokoaji hawajui waanzie upande wa Msumbiji au wa Tanzania.

Basi jaribuni mashine mchana, karibu na pwani, mkiwa na magunia ya mchanga badala ya watu. Wala kipimo sahihi hakiongezi nafasi: Aprili 2024, boti ya uvuvi iliyotoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji ikiwa na watu wapatao 130 ilizama, na zaidi ya 90 wakafariki.

Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Nasi twaongeza: cha kufika hupimwa kabla ya kung'oa nanga.