Uso wa Ndugu Yako



Maandiko Matakatifu yamejaa habari za ndugu wasiopatana. Kaini alimwua Abeli kondeni. Yosefu aliuzwa na kaka zake. Katika mfano wa mwana mpotevu, yule mkubwa alibaki nje amekasirika, huku shangwe zikisikika nyumbani mwa baba yake. Leo tutafakari pamoja habari za mapacha wawili, Esau na Yakobo, zilizomo katika kitabu cha Mwanzo, kuanzia sura ya 25 hadi ya 33.

Esau alikuwa mwindaji, mtu wa porini. Yakobo alikuwa mtulivu, mkaaji wa hemani. Baba alimpenda Esau, mama akampenda Yakobo, na hapo ndipo ufa ulipoanzia. Wazazi mnaonisikiliza, lizingatieni jambo hilo. Yakobo alinunua haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Kisha akavaa mavazi ya ndugu yake na ngozi za mbuzi, akaingia kwa baba yake asiyeona. Alipoulizwa yeye ni nani, alijibu kwamba ni Esau. Hivyo akapata baraka kwa jina lisilo lake.

Daktari mmoja wa magonjwa ya akili wa nchi ya Uswisi, Carl Gustav Jung, aliyezaliwa mwaka 1875 na kufariki mwaka 1961, aliichunguza sana nafsi ya binadamu katika vilindi vyake. Alifundisha kwamba ndani ya kila mtu umo upande asiopenda kuuona: hasira, wivu, tamaa, na hata vipaji alivyovifukia. Upande huo aliuita kivuli. Tusipoutambua, twamtwika mtu mwingine, aghalabu aliye karibu nasi, kisha twamchukia kwa sababu yake. Kwa mtazamo huo, ndugu wawili wa hadithi takatifu ni kama pande mbili za nafsi moja. Wahenga wetu nao walilijua jambo hilo bila kufika Uswisi, waliposema kwamba nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.

Yakobo alikimbilia Harani, akakaa huko miaka 20. Lakini mtu hawezi kukikimbia kivuli chake. Aliyemdanganya baba yake kipofu alidanganywa naye usiku wa arusi yake: kulipokucha, akaona kwamba aliyeozwa ni Lea, wala si Raheli. Hatimaye akafunga safari ya kurudi kwao, akasikia kwamba Esau anamjia pamoja na watu 400.

Usiku ule, kwenye kivuko cha Yaboki, Yakobo alibaki peke yake, akashindana mweleka hadi alfajiri na yule asiyemjua. Alipoomba baraka, aliulizwa jina lake. Safari hii hakusema Esau. Alisema Yakobo. Hapo ndipo alipobarikiwa na kupewa jina jipya, Israeli; naye akaondoka akichechemea. Ndugu wapendwa, Mungu hambariki mtu tunayejifanya kuwa. Humbariki yule tulivyo kweli, anapokubali kulitaja jina lake mbele zake. Ndiyo maana Kanisa linatupa kitubio.

Kulipopambazuka, Yakobo aliinama mbele ya Esau mara saba, yeye aliyeahidiwa kwamba ndugu zake watamwinamia. Akamsihi apokee mifugo, na katika Kiebrania zawadi hiyo aliiita baraka yake: neno lile lile la kitu alichoiba. Esau alimkimbilia, akamkumbatia, nao wakalia. Naye Yakobo, aliyekuwa amemwona Mungu usiku, akakiri kwamba kuuona uso wa ndugu yake ni kama kuuona uso wa Mungu.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Elimu ya nafsi yatusaidia kujitambua, lakini Esau si kivuli tu cha Yakobo. Ni mtu, aliyelia kwa uchungu siku aliponyang'anywa. Haitoshi kupatana na nafsi yako chumbani, ikiwa kaka yako uliyemdhulumu shamba la urithi bado hajasikia neno kutoka kwako. Yakobo alishindana usiku, lakini asubuhi alitembea kwenda kwa ndugu yake, tena hakwenda mikono mitupu.

Wala Maandiko hayatudanganyi kwamba yote yalikwisha siku ile. Esau alirudi Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Hawakukaa boma moja. Lakini baba yao Isaka alipofariki, walimzika wote wawili. Ziko familia ambamo ndugu husimama pande mbili za kaburi bila kuamkiana. Kama hamwezi kuishi pamoja, muweze basi kuzika pamoja kwa amani.

Kristo ndiye Mzaliwa wa kwanza kati ya ndugu wengi. Haki yake hakuiuza, wala hakuing'ang'ania; ametushirikisha sisi sote. Juma hili, kila mmoja wetu amtaje mbele ya Mungu yule ndugu asiyetaka kumwona, kisha alitaje na jina lake mwenyewe, bila kuvaa ngozi ya mtu mwingine. Halafu aanze safari.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.