CHETI CHA MATUMIZI YA NISHATI KATIKA MAJENGO YA BIASHARA
Maelezo kwa Watumishi wa Umma na Wakazi wa Ibadakuli



Ibadakuli ni mahali palipojengwa kituo kikubwa cha kupoza umeme cha Shinyanga. Hapo huingia njia ya msongo mkubwa itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida, yenye urefu wa kilomita 670, na hapo hutoka njia za kuelekea Mwanza na Bulyanhulu hadi Geita. Sehemu kubwa ya umeme huo huzalishwa mbali, katika mitambo kama ya Mtera na Kidatu na, tangu mwaka 2024, katika Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Hivyo basi, uniti nyingi zinazotumika ovyo dukani au ofisini zimekwisha kusafiri mamia ya kilomita.

Mnunuzi wa gunia la mpunga hulipima kwanza. Mpangaji wa jengo la biashara huoneshwa vyumba na kutajiwa kodi, lakini haelezwi jengo hilo litatumia umeme kiasi gani. Paa la bati lisilo na dari na madirisha yanayokabili jua la alasiri ni uamuzi wa mwenye jengo. Anayenunua umeme wa LUKU ili kupoza joto hilo ni mpangaji. Anayeweza kurekebisha haoni hasara, na anayeona hasara hana mamlaka ya kurekebisha. Katika ofisi za umma hasara hiyo huangukia fungu la Matumizi Mengineyo, ambalo ndilo pia linalonunua mafuta ya gari na karatasi.

Nchi nyingine zimelikabili jambo hili kwa cheti. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliagiza nchi wanachama zianzishe vyeti vya matumizi ya nishati ya majengo. Katika Uingereza cheti hudumu miaka 10 na hutaja daraja la jengo, kuanzia A hadi G. Tangu tarehe 1 Aprili, 2023, jengo la biashara la Uingereza na Wales lililo chini ya daraja E haliruhusiwi kupangishwa, isipokuwa kwa misamaha iliyowekwa. Karibu zaidi, Kenya ilitunga kanuni mwaka 2012 zilizowataka wenye majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kufanyiwa ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu.

Aidha, hesabu ya msingi haihitaji kungoja kanuni. Stakabadhi za LUKU au ankara za miezi 12 zijumlishwe, kisha uniti zigawanywe kwa eneo la sakafu. Kwa mfano, duka la mita za mraba 200 linalotumia uniti 24,000 kwa mwaka hutumia uniti 120 kwa kila mita. Jirani yake wa eneo hilo hilo anayetumia 14,000 hutumia 70. Tofauti ni uniti 10,000 kila mwaka, nayo inastahili kuulizwa sababu.

Inasisitizwa kwamba vilinganishwe vinavyofanana. Zahanati yenye majokofu ya chanjo isipimwe kwa kipimo cha duka la nguo, wala majokofu hayo yasizimwe kwa ajili ya kupunguza ankara.

Baada ya hesabu, hatua nafuu zitangulie: taa za LED, dari chini ya bati, vivuli kwenye madirisha ya magharibi, kiyoyozi kuwekwa nyuzi 24 badala ya 16 na kuzimwa chumba kinapokuwa kitupu. Wateja wakubwa wanaotozwa pia kwa kVA wachunguze mashine zinazowashwa zote kwa wakati mmoja.

Cheti pekee hakipunguzi uniti hata moja kikifungiwa kabatini. Faida yake ni kwamba mpangaji hujadiliana akiwa na takwimu mkononi, na mwenye jengo bora hupata sababu ya kulitangaza. Wakuu wa ofisi na wenye majengo wanaombwa kuanza na stakabadhi za mwaka uliopita.