Baada ya Mvua ya Mawe: Mkulima wa Chai na Msaada wa Maafa



Kericho na Bomet zinaijua mvua ya mawe. Hushuka alasiri kwa dakika chache, na ikishapita, shamba lililokuwa tayari kuchumwa hubaki vijiti. Mkulima hupata hasara mara mbili. Kwanza, hana majani ya kupeleka kituoni, kwa hiyo malipo ya mwezi hupungua. Pili, bonasi hukokotolewa kwa kilo zilizopimwa, na kilo zilizopotea leo zitakosekana tena siku ya bonasi. Mbolea aliyochukua kwa mkopo, hata hivyo, huendelea kukatwa.

Wengi huuliza: serikali itamlipa lini? Jibu linaanzia kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inairuhusu kaunti kuwa na Hazina ya Dharura, kwa idhini ya bunge la kaunti. Malipo kutoka kwenye hazina hiyo katika mwaka mmoja wa fedha hayawezi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Fedha zikitolewa, bunge la kaunti huombwa kuyaidhinisha malipo hayo ndani ya miezi miwili. Lengo lake ni kupunguza madhara na mateso ya janga lisilotarajiwa. Si fidia ya kila kilo, na fedha hizo hizo ndizo zinazotazamiwa mafuriko na maporomoko ya ardhi yanapotokea.

Bima nayo ina mipaka yake. Mpango wa bima ya mazao uliozinduliwa na Serikali ya Kitaifa mwaka 2016 ulianza na mahindi na ngano, serikali ikichangia sehemu ya ada. Bima ya aina hiyo hutazama wastani wa mavuno ya eneo zima. Lakini mawe huweza kupiga mteremko mmoja na kuuacha ule wa ng'ambo ya mto. Mkulima aulize kabla ya kutia sahihi: hasara ya shamba moja italipwa, au mpaka eneo lote liathirike?

Jambo kubwa ni ushahidi. Mwaka 2011, ugonjwa hatari wa mahindi ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini, ulikuwa Bomet. Mahindi yaliyokauka yalionekana hata na mpita njia. Chai ni tofauti. Mchai uliopigwa huchipua tena, na baada ya wiki kadhaa afisa akifika hukuta shamba la kijani. Kwa hiyo hasara iripotiwe mara moja kwa chifu na kwa afisa wa kilimo wa wadi. Picha zipigwe siku hiyo hiyo, na risiti za kituo za miezi iliyotangulia zihifadhiwe, kwani ndizo zinazoonyesha kilichopungua.

Mwisho ni suala la majina. Kuna mashamba ambayo mama ndiye mchumaji, lakini nambari ya mkulima bado ni ya marehemu mumewe. Msaada ukija, jina lililo kwenye orodha haliwezi kuupokea, na aliyepata hasara hayumo orodhani. Familia ilishughulikie jambo hilo wakati anga ni safi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.