Zamu ya Muuguzi wa Upasuaji

Msikilizaji, muuguzi wa wodi ya upasuaji humgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza, husafisha kidonda, hupima presha, kisha huitwa kitanda cha pili kabla hajamaliza kujaza faili. Zamu ya usiku ikiisha mgongo unauma, na usingizi wa mchana hauji, hasa kwa mwenye watoto wadogo nyumbani.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, inamtaka muuguzi wa chumba cha upasuaji athibitishe kwa sauti hesabu ya vifaa, pamba na sindano kabla mgonjwa hajatolewa humo. Hesabu hiyo yataka akili iliyopumzika.

Mshahara ni muhimu. Lakini ili muuguzi apumzike, wauguzi wa kutosha kila zamu ni muhimu zaidi.

Ndugu wa mgonjwa, ukimkuta muuguzi kanyamaza, msalimu kwanza. Huenda hajakaa tangu alfajiri.